Mji, Wiki ya Nane

Tartu, Januari. Saa kumi jioni na giza limeshashuka.
Emajõgi, ambao kwa lugha yetu ni Mto Mama,
umeganda kingo zote mbili; katikati unapita mweusi,
kwa kunyata, kama mtu apitaye chumba cha mgonjwa.

Mimi Virve nakata nyama nyembamba kuliko ukope,
naibandika kiooni, naitia rangi.
Miaka thelathini na mmoja, kazi ni hiyo.
Udaktari sina. Nina macho, na mgongo unaouma.

Kipande cha leo ni utando wa mji wa mimba,
wiki ya nane. Mwenyewe simjui, kwangu ni namba;
alitia sahihi kwamba kilichotoka kitazamwe.
Nakishika kama nishikavyo barua isiyo yangu.

Na hao hapo, rangi ya kahawia, wamejaa tele:
katika walinzi kumi wa mji huu, saba ni wao.
Jina walipewa huko kwenye damu, ndugu zao
walipoonekana wakiua seli zilizoasi
bila kungoja amri. Wauaji wa asili.
Jina likawafuata mpaka humu ndani,
kama lakabu ya shule imfuatavyo mtu hadi kaburini.

Lakini watazame.
Ameingia mgeni, nusu ana sura ya nyumba,
nusu ana sura ya baba yake,
na nusu hiyo humu hakuna aliyewahi kuiona.
Ungetegemea damu imwagike. Sumu wanayo,
punje punje, naziona zilivyojazana tumboni mwao.
Hawaitoi. Wanampapasa mgeni uso,
wanasoma alama aliyoivaa,
kisha wanageukia mishipa.

Mishipa ile iliyojisokota, yenye midomo ya kubana,
wanailegeza misuli, wanaipanua,
hadi damu iache kuruka kwa vishindo
itiririke pole, kama maji yaliyofika bondeni.
Mgeni naye hali vya bure: siku mbili, ya tatu jembe.
Anachimba, wao wanampimia.
Hapa chimba. Hapa basi.
Akichimba haba, mtoto hudumaa, mama hupanda presha;
akiachiwa achimbe apendavyo, ukuta hutoboka.

Jana alinipigia Triinu, mke wa mwanangu.
Ya tatu imeharibika. Mkononi ana karatasi ya kliniki:
amepimwa damu, wauaji wamezidi,
adungwe dawa ya kuwanyamazisha, euro elfu moja na mia mbili.
"Ndio waliomuua," akasema. "Si jina lao linasema?"

Nikakaa na simu sikioni.
Nikamwambia damu ya mkono haina habari za mjini,
wapitao barabarani sio walalao nyumbani.
Nikamwambia, kwa nini ilitoka, Triinu, sijui,
na nashuku aliyekuandikia karatasi hiyo naye hajui.
Niliyasema vibaya, kwa sauti ya kazini.
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka
na hakuna aliyelizima.
Usilipe kwanza, nikasema. Njoo Jumamosi.

Jumamosi atakaa kwenye kiti hiki kibovu.
Sitamfundisha kitu. Nitazungusha hadubini
picha itulie, kisha nisogee pembeni.
Labda ataona mafundi. Labda ataona madoa tu,
na mimi sitamlaumu;
mwaka wangu wa kwanza niliona madoa.

Mimba ikipita nusu ya safari, hawa hupungua,
huondoka bila kuaga, mifereji imeshafunguka.
Sijui mtoto aliyewahi kuzaliwa
akauliza walikokwenda.

Nje wanamwaga chumvi barabarani.
Naandika namba pembeni mwa kioo, kwa penseli,
maana wino, humu, huyeyuka.